Koti Niliyoifua

Baba yangu,

Ni miye, Sakina. Ninakuandikia nimesimama mulangoni, kaye yangu ya kuandikia iko juu ya pipa la maji, kwa sababu nikikaa ninasimama tena. Kutoka hapa ninaona muto Lualaba mpaka kwenye kona ya juu, pale ulipopenda kutega nyavu. Leo bwana yangu Musafiri yuko pale, peke yake ndani ya mutumbwi wako. Alipotoka asubuhi mbingu ilikuwa safi. Sasa kule juu imeanza kuwa na rangi ya sufuria iliyoungua chini. Amevaa koti niliyoishona na kuipaka nta kwa mikono yangu, ya kwanza katika maisha yangu. Kama inapitisha maji ao haipitishi, nitajua leo.

Ngoja niende kuangalia kidogo.

Nimerudi. Bado ni upepo tu.

Nikupe habari za nyumba. Mutoto anatembea, Baba. Ulimwacha hajui hata kugeuka kitandani, sasa anafukuza bata wa jirani na kuwatukana kwa luga yake mwenyewe. Ana paji lako la uso. Watu wa Nyangwe wakimwona wanasema, "Muzee Saidi amerudi, mara hii amevaa gauni." Paa ya jikoni tumeibadilisha majani. Na ile moto ya Musafiri, pikipiki yake ya kazi, ilikufa motere njiani, ikitoka Kabambare na muzigo wa mawese. Fundi wa Kasongo aliifungua, akaiangalia muda murefu, akaifunga tena, akasema, "Ndugu yangu, hii tuiombee tu."

Kwa hiyo mutu wa barabara ameingia majini. Mutumbwi wako ulikuwa umelala kando ya muto, umegeuzwa tumbo juu, hakuna aliyetaka kuugusa kabla yetu.

Siku ya kwanza alishuka na nguo zake za moto: ile jaketi nene sawa godoro, suruali ya jinzi, na botine miguuni. Wavuvi walimupokea kwa furaha, wakimwita jina la waendesha-moto. "Motari, plaki ya namba ya mutumbwi iko wapi?" "Motari, kwenye kona usisahau kupiga honi." Muzee moja alipanda nyuma yake, akamushika kiuno, akamwambia, "Nipeleke Kasongo, lakini polepole, nimebeba mayai." Musafiri alicheka pamoja nao. Miye sikucheka. Niliangalia zile botine, nikakusikia weye: "Botine ikijaa maji ni jiwe ulilojifunga mwenyewe."

Unajua, Baba, watoto wengine walijifunza hali ya hewa kwa kuangalia mbingu. Miye niliijifunza kwa nguo zako. Mama alipotuacha nilikuwa na miaka saba, na kazi ya kwanza uliyonipa ilikuwa ile misumari mitatu ya ukutani. Pulo, ile sweta yako ya sufu, kwenye musumari wa kwanza, koti kwenye wa pili, kaptura na kofia kwenye wa tatu. Kila alfajiri ulishuka mpaka kwenye maji, ukaingiza mukono, ukasimama, ukapandisha pua sawa mbuzi aliyesikia harufu ya chumvi. Ukarudi. Hukuniambia kama mvua itanyesha ao haitanyesha. Ulisema tu, "Pulo." Ao, "Pulo na koti." Ao, "Koti tupu, pulo itanitia joto bure." Nilikuletea, na kwa njia ile nilijua siku itakuwa ya namna gani, nikajua kama nianike mihogo ao niiache ndani.

Na maneno yako yote niko nayo. Ya kiangazi, wakati ukungu unakaa juu ya maji mpaka jua lipande: vaa sufu ndani, kwa sababu sufu hata ikilowa haikutupi, lakini shati ya pamba ikilowa inageuka adui aliyekukumbatia. Jinzi usiipeleke kabisa, inakunywa maji mpaka inapata uzito wa mbuzi. Koti isiwe na vifungo, iwe na kamba moja tu, ya kitanzi. "Nguo ya majini ni ile unaweza kuivua kwa mukono moja," ulisema, "kwa sababu ule mwingine umeshika kasia." Nilikuwa mutoto, nilijaribu kuvua gauni yangu kwa mukono moja nikakwama kichwa ndani, ukacheka mpaka ukakaa chini.

Hayo yote niliyajua. Sasa niseme lile ambalo sikulijua. Nimelizunguka mwaka muzima na zaidi.

Ninaangalia kwanza muto.

Ile koti yako, Baba. Kitambaa kizito cha hema ya zamani, ulichokipata kwenye balo ya nguo za mitumba Kasongo, ukaishona mwenyewe na uzi wa nyavu. Kila mwaka wa utoto wangu, kabla ya masika, ndugu yako, Baba mudogo Kasimu, alikuja kutoka Lusangi na bonge la nta ya nyuki ndani ya majani. Uliiyeyusha na mawese, ukatandika koti juani, ukaipaka kwa kiganja, mushono kwa mushono, mpaka ikawa nyeusi na ngumu. Ilinuka moshi, samaki na asali iliyochacha. Nilikuona ukifanya vile tangu utoto. Lakini hukuniambia nta ni ya nini, na miye sikuuliza. Nilizania ni ya kutia kitambaa nguvu, kisipasuke kwenye mabega. Nilizania vile mpaka nimezaa.

Unakumbuka nilipozaa. Nilikuja kwako, na arobaini nzima ulinichotea maji. Weye, mwanaume, bidoni kichwani, asubuhi na jioni, unapita mbele ya watu wote waliokaa mbele ya musikiti. Walikuambia, "Muzee Saidi, umeolewa wapi?" Ukajibu bila kusimama, "Nimeolewa na mujukuu wangu, na ni bwana mukali." Nilikusikia kutoka ndani. Nililia, halafu nikacheka, halafu mushono wa chini ukaniuma nikalia tena.

Arobaini ilipokwisha nilitaka kukushukuru. Nilikuwa na furaha ya kutoka nje, mikono yangu ilitafuta kazi. Nilifua kila kitu ndani ya nyumba: mashuka, kanzu yako, mapazia. Nikaona koti kwenye musumari wake. Nikasema, leo Baba avae nguo safi hata kwenye maji. Nilichemusha maji. Nilitia sabuni, nikatia jivu, nikaipiga juu ya jiwe mpaka mabega yangu yakauma. Maji yalitoka na mafuta yakielea juu, manjano, na miye nilifurahi. Nilisema, ona uchafu huu. Nilifua mara tatu, Baba. Mara tatu. Ikawa laini sawa shuka.

Asubuhi ulirudi kutoka kwenye maji, ukasema, "Koti." Nikakuletea. Uliishika. Ukaileta kwenye pua. Nilisimama pale na mutoto mukononi, ninangoja unisifu. Ukaniangalia, ukaangalia koti tena, ukasema, "Leo samaki watazania bwana-arusi anapita." Ukaivaa. Ukafunga kitanzi. Ukaenda.

Mvua ilishuka kutoka juu saa saba ya muchana, ile ya upepo, ya kupiga usoni. Uliporudi koti ilikuwa imekushuka mpaka magotini kwa uzito, na meno yako yalikuwa yanagongana mpaka hukuweza kusema jina langu. Nilikuvua. Ilitoa maji nusu ya ndoo, na hapo njo nilielewa nta ilikuwa ya kuzuia maji. Uliniambia, "Ni baridi ya masika, itapita." Siku ya tatu ikakushika kifua. Kwenye kituo cha afya walikupa dawa, walifanya walichoweza. Siku ya kumi na mbili haikupita baridi, ulipita weye.

Nimeandika. Hapa Nyangwe sikuwahi kumwambia mutu. Hata Musafiri.

Halafu ilikuja arobaini nyingine, yako. Wazee walikaa kugawa nguo zako, vile desturi yetu iko. Kanzu kwa huyu, kofia kwa yule. Baba mudogo Kasimu hakutaka kanzu wala viatu. Alisema, "Miye nipeni ile koti ya muto tu." Na miye, binti yako, mbele ya wazee, nilijibu, "Ilipotea siku ya kilio. Watu walikuwa wengi." Haikupotea. Ilikuwa ndani ya mufuko wa muchele, juu kwenye miti ya paa. Niliogopa akiivaa ataijua. Yeye njo aliyeleta nta, mukono wake ungejua kwa kugusa tu. Alichukua fimbo yake, akarudi Lusangi bila kitu cha ndugu yake. Tangu siku ile hakukanyaga hapa.

Mutoto ameamka. Ngoja.

Amekula, amelala tena mugongoni mwangu, kwa hiyo mwandiko utayumba. Mawingu yamefika kwenye kona. Simwoni Musafiri.

Niendelee, nikiacha nitakimbia kwenye maji na mutoto mugongoni na nitafanya nini pale.

Mwezi uliopita mvua ya kwanza ilimukuta Musafiri na jaketi yake ya moto. Ilirudi imevimba, tuliikamua watu wawili, kila moja upande wake, sawa watu wanaogombania. Yeye alifanya mizaha. Lakini kesho yake alikohoa. Kikohozi kidogo tu, cha kawaida, na baada ya siku mbili hakikuwepo tena. Lakini miye, Baba, nilikijua kile kikohozi. Kwa siku mbili sikuweza kula. Nilimufuata ndani ya nyumba nikimushika paji la uso mpaka akasema, "Bibi, kama unatafuta kitu kichwani mwangu niambie nikusaidie kutafuta." Kesho yake alipotaka kushuka nilimupa pulo mbili, na shati, na bashi, turubai ya plastiki, juu. Jua likawaka. Wavuvi wakamuuliza kama anahamia Ulaya. Alivua vyote, akarudi na mugongo umeungua. Kesho yake tena niliona mawingu madogo nikaficha kasia.

Nilificha kasia, Baba. Tukala mihogo na chumvi.

Hapo Musafiri hakufanya muzaha. Alikaa kwenye kiti kidogo akaniambia, "Sakina, weye njo binti wa muvuvi. Miye sijui nguo ya mvua wala nguo ya jua. Ukiogopa tu, nitakufa na njaa. Ukijua, nifundishe." Nikasema nitamushonea koti sawa ya baba. Kitambaa nilipata kwenye balo. Mawese tuko nayo. Akaniuliza, "Na nta?" Nta iko Lusangi.

Nilikwenda mwenyewe. Rafiki ya Musafiri alinibeba na moto yake kutoka Kasongo, mutoto mugongoni, na ule mufuko wa muchele katikati ya magoti yangu. Barabara unaijua, vumbi mpaka kwenye meno. Njia nzima nilipanga maneno. Nilipanga nimuambie niliiokota, kwamba mutu aliyeiiba aliirudisha. Uongo ulikuwa mutamu, ulikuwa na hata jina la mwizi.

Nilimukuta Baba mudogo nyuma ya nyumba yake, anaosha mikono, ametoka kuchimba mawe ya madini. Amezeeka. Anakaa sawa na weye, Baba, goti moja juu. Aliona mufuko, hakuuliza. Alimuchukua mutoto kwanza, akamuangalia paji la uso, akageuza macho. Na maneno yangu yote niliyoyapanga yakamwagika. Nilitoa koti nikasema, "Niliifua. Haikupotea. Niliifua na sabuni, kesho yake mvua ikamupiga, nikaificha."

"Sabuni?"

"Sabuni na jivu. Mara tatu."

Alinirudishia mutoto. Alichukua koti, akakunja kitambaa katikati ya vidole, polepole. Nilingoja anipige kofi, nilikuwa ninalitaka. Alisema, "Binti yangu, ulifua nini? Hii koti haikuwa na nta ya maana tangu mwaka uliotangulia."

Sikuelewa. Akakaa chini. Akaniambia mwaka ule uliotangulia alikuwa anafuata jiwe ndani ya shimo, kila siku anasema kesho nitapumuzika, nitakwenda msituni kwa nyuki, nitamupelekea kaka nta yake. Masika ikaingia, akasema basi, mwaka ujao. Mwaka ujao vilevile. "Alinitumia salamu tu," akasema. "Hakuuliza nta hata mara moja. Na weye uliposema koti imepotea, nilizania umeificha ili unionyeshe kidole: angalia, ni weye uliyemuua ndugu yako."

Tulikaa pale, Baba, watu wawili, kila moja ameogopa mwenzake juu ya koti ileile.

Sijui kama ni kweli yote. Mafuta niliyoyaona yakielea yalitoka wapi, kama hakukuwa na nta? Labda kulikuwa na kidogo, na hicho kidogo niliking'oa miye. Labda amenipunguzia muzigo kwa sababu niko na mutoto mugongoni. Nilizania nikisema nitatulia. Sikutulia. Lakini ninabeba kitu kingine sasa, hakina uzito ule wa zamani, kinatembea tembea tu ndani.

Baba mudogo alivaa koti palepale, na jua la saa sita. Jasho lilimutoka, watoto wake wakamucheka, "Papa, mvua iko wapi?" Hakuivua. Alinisindikiza nayo mpaka kwenye moto, akanipa nta ya kutosha, bonge kubwa kuliko kichwa cha mutoto. Akanionyesha kipimo: mawese kidogo tu, ya kulainisha, na nta nyingi, na jua kali, na usiache mushono.

Nilifanya vile. Siku mbili. Viganja vyangu bado vinanuka asali. Jana nilimwaga kikombe cha maji juu yake, yakakimbia sawa vifaranga. Lakini kikombe siyo Lualaba.

Sasa nikuulize, Baba, na usinikasirikie. Kwa nini hukusema? Koti ilianza kukulowesha mwaka muzima kabla, weye unarudi na mabega ya maji, unaianika, unanyamaza. Hukumutumia ndugu yako neno, "Nta imekwisha." Siku ile uliinusa, ulijua. Ungesema tu, "Sakina, umeharibu, lete bashi." Ningelia kidogo, ningekuletea bashi. Ulinihurumia aibu ya dakika moja. Unaona vile huruma yako imetufanya? Ninakupenda, na hili moja ninakukatalia. Tabia hii nimeirithi kwako, njo maana koti niliifunga ndani ya mufuko wa muchele.

Inanyesha. Siyo ya kuchezea. Kona yote imepotea, ninaona weupe tu. Ninaacha.

Baba. Amerudi.

Niliona mitumbwi mitatu ikitoka ndani ya mvua, wake ni wa nyuma, anapiga kasia vibaya sawa mutu anayeosha sufuria, lakini anapiga. Nilimwacha mutoto kwa jirani nikashuka. Wavuvi walikuwa wanatetemeka, wanatukanana kwa furaha, moja akapiga kelele, "Motari umewasha taa leo?" Musafiri alikanyaga matope, miguu tupu, akanyosha mikono sawa mutu aliyevaa nguo ya sikukuu. "Iko muzuri," akasema. "Iko muzuri kabisa, bibi."

Nilifungua kitanzi palepale mbele yao, nikaingiza mukono wangu ndani. Kifua kilikuwa cha moto, kikavu. Lakini nilimwambia, "Usinipendezeshe. Sema inapitisha wapi."

Aliniangalia. Mvua ilikuwa bado inatupiga. Niliona kama anatafuta neno tamu. Halafu akageuza bega. "Hapa," akasema, "kwenye mushono wa kushoto, tangu mwanzo. Na hapa nyuma ya shingo. Na kwapa inanikwaruza mpaka nimekutukana mara mbili."

Wanaume walicheka. Miye nilifurahi, Baba, kuliko vile angesema hakuna hata tone. Tulipanda nyumbani, nikaitandika juu ya kiti, na nikachora alama ya mukaa kila mahali alipoonyesha. Ameongeza nyingine mbili, ziko tano.

Kesho jua likitoka nitazipaka. Na alfajiri nitashuka miye na yeye, nitaingiza mukono ndani ya maji mbele yake, nitamwambia ninachosikia na kwa nini. Nitakosea. Nitamwambia pia nimekosea. Leo jioni, akishakula, nitamupa kaye hii aisome, yeye anasoma vizuri kuliko miye. Na mutoto akikua nitamwambia nta ni ya nini kabla hajashika sabuni.

Lala salama huko uliko, Baba, pasipo mvua. Mungu akufunike vizuri kuliko nilivyokufunika. Hiyo ni ahadi yangu kwako: ndani ya nyumba hii atakayelowa atasema, na atakayemulowesha atasikiliza.

Binti yako,
Sakina